Usukani wa Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wote mliofika, familia imemkabidhi dada mkubwa wa marehemu kazi ya kuwasomea historia hii, na kwa kuwa yeye ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, na ndiye aliyekaa na mkewe nyumbani kwake katika miaka ambayo wengi wenu mliipigia gumzo bila kujua undani wake, amesema ataisoma yote, hatafupisha, na mwenye haraka avumilie.

Marehemu, ambaye ninyi nyote mlimwita Orijino mpaka wengine mkasahau kwamba wazazi walimpa jina, alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Juni 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba fundi baiskeli na mama aliyekuwa akifua nguo za hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo cha mbele kilikuwa karakana na cha nyuma ndicho tulicholala sote. Tangu mdogo alikuwa na kichwa kigumu cha aina yake. Akiwa na miaka mitano alivalishwa shati lenye vifungo vinne vyeupe na kimoja cheusi, akalia, akagoma kutoka nje, akachapwa, akaendelea kulia, hadi mama alipochoka akakikata kile cheusi na kwenda kuomba cheupe kwa jirani. Alipofungwa kifungo kile alijifuta machozi, akatoka kucheza kana kwamba hakuna lililotokea, na sisi tuliobaki ndani tukatazamana.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kuimaliza mwaka 1966, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1970, huko hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, hesabu alizipenda, kuimba Mungu hakumjalia, na mwaka 1971 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umakanika kwa miaka miwili na kutunukiwa cheti chake mwezi Novemba 1973. Baba aliposhika cheti kile kwa vidole vyake vyenye grisi alikichafua pembeni, na marehemu, ajabu, hakulalamika, alikitundika hivyohivyo na alama ya kidole cha baba.

Tarehe 1 Aprili 1974 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2006, na huko ndiko alikopewa jina la Orijino. Ilikuwa hivi. Mtunza stoo alimletea breki za basi zilizofungwa kwenye boksi zuri lenye maandishi ya kung'aa, marehemu akazigeuza mkononi, akazinusa, akaziweka chini na spana yake juu yake, akasema, "Hizi si zake." Basi lina abiria wanasubiri, msimamizi anafoka, dereva anapiga honi, yeye amekaa juu ya tairi na mikono yake kifuani, hashikiki, mpaka zikaletwa breki za kweli. Wenzake wakamcheka, wakambatiza jina hilo, na katika miaka yote thelathini na miwili aliyofanya kazi pale hakuna basi lililotoka mikononi mwake likashindwa kusimama. Hilo tunalisema kwa kifua mbele, na mafundi wenzake waliopo hapa wakanushe kama wanaweza.

Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980, alifunga ndoa na mkewe mpenzi, fundi cherehani, ambaye alimpata kwa njia ileile ya ubishi wake, maana alimpelekea ovaroli iliyochanika mfuko, akashonewa mfuko mpya, akaurudisha kwa sababu kitambaa hakikufanana, akashonewa mwingine, akaurudisha tena kwa sababu ya rangi ya uzi. Yule binti akamwambia, "Kaka, hii ni ovaroli, siyo suti ya harusi!" Naye akajibu kwamba hata suti ya harusi angependa aishone yeye. Wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1982 na kijana wa kiume mwaka 1985, na wakaishi vizuri, kwa utani mwingi, kila mmoja akiheshimu kazi ya mwenzake, hadi lilipoingia gari.

Gari hilo mnalijua, ndilo lile lililoegeshwa pale nje, hakuna haja ya kuligeukia, mtaliona baadaye. Mwezi Agosti 1997 mzee mmoja mpiga picha alikuwa anafunga studio yake, na uani kwake, chini ya turubai lililooza, kulikuwa na gari la spoti la viti viwili, boneti ndefu, taa zimeinamia chini, lililotoka kiwandani mwaka 1961, na ndani yake kuku walikuwa wakitagia kwa raha zao. Mzee alimwambia, "Ukiweza kulitoa ni lako, ila kuku ni wangu." Marehemu alilitoa kwa kamba na wanaume wanane, akalifikisha nyumbani likiwa na manyoya hadi ndani ya dashibodi, akamwita mkewe atoke nje. Mkewe akauliza, "Hiki ni nini?" Akajibiwa kwamba hili ndilo gari zuri kuliko yote yaliyowahi kupita mji huu, ila kwa sasa halionekani vizuri.

Na kweli halikuonekana, maana kila aliyelimiliki alilifanyia lake. Injini ilikuwa ya pikapu, taa moja ilikuwa ya trekta, dashibodi ilikuwa ya ubao wa kabati, nyuma mtu alikata bati akaweka kiti cha kubanana watoto, na rangi zilipakwa moja juu ya nyingine, bluu, njano, bluu tena. Marehemu akatangaza kwamba gari lile litarudi kama lilivyotoka kiwandani, skrubu kwa skrubu, na kisichokuwa chake hakitabaki. Alikwangua rangi kwa msasa wa maji, akishuka tabaka moja baada ya jingine, hadi alipoikuta ile ya kwanza chini kabisa, kijani iliyofifia kama jani la mgomba lililokauka nusu, akafurahi siku hiyo kuliko siku aliyopandishwa cheo. Vipuri alivitafuta kupitia kwa wasafiri. Ndugu aliyetoka safari alipoulizwa amemletea shemeji manukato gani, alifungua begi akatoa mota ya waipa.

Mwanzoni mkewe alicheka naye, akampelekea chai uani, akamshikia tochi. Lakini gari halikukaa uani, gari liliingia ndani. Madigadi yalisimama nyuma ya kochi, giaboksi ililala chini ya kitanda, kabureta ilikaa kabatini katikati ya vikombe, na mgeni akija anaombwa asiegemee ukuta ule kwa sababu kuna kioo cha mbele nyuma ya pazia. Miaka saba, jamani. Mwanamke yule alivumilia miaka saba.

Mwezi Septemba 2004 alikuwa anashona gauni la bibi harusi, satini nyeupe, limekatwa, limeunganishwa, limetandazwa juu ya meza likingoja pindo, na marehemu akaingia na pistoni nne zilizotoka kuoshwa kwa mafuta, mikono imejaa, akaona kitambaa cheupe akadhani ni shuka kuukuu, akazipanga juu yake vizuri kwa mstari. Zilipoinuliwa zilibaki duara nne nyeusi kifuani mwa gauni. Mkewe hakupiga kelele, na sisi tunaomjua tunasema hapo ndipo marehemu angetakiwa kuogopa. Alinunua satini nyingine, akashona gauni jingine, akalikabidhi kwa wakati, bibi harusi akaolewa bila kujua kitu, kisha mkewe huyo akafunika cherehani yake, akaipakia kwenye mkokoteni, akaja nayo nyumbani kwa wifi yake, yaani dada wa marehemu, anayewasomea hapa. Mlangoni, mbele ya mumewe aliyemfuata mbio na mikono yake ya mafuta, alisema maneno haya: "Nitarudi siku hilo gari lako litakapokuja kunichukua lenyewe, kwa magurudumu yake."

Sasa hapa wanawake mliopo mnaelewa maneno hayo maana yake nini. Maana yake ni kwamba hatarudi. Hata wanaume wengi mnaelewa. Lakini marehemu alikuwa mtu wa karakana, na karakanani mteja akisema atakuja gari likiwa tayari, hayo ni makubaliano, hakuna zaidi. Akasema, "Sawa," akageuka, akarudi kazini. Dada yake alimfuata hadi njiani akamwambia, "We mwanaume, una akili timamu? Kaombe radhi, acha mambo ya vyuma!" Akajibu kwamba radhi ameiomba tangu asubuhi na ataendelea kuiomba, lakini mkewe amesema gari, na gari atalipata.

Tangu hapo jambo lililokuwa mchezo likawa la kufa na kupona, maana aliyekuwa akisubiriwa mwisho wa kazi ile alikuwa mkewe. Angeweza kuifunga injini ya pikapu akaja hata mwezi uleule. Mafundi walimwambia hivyo, watoto wake walimwambia hivyo, binti alimlilia kabisa. Hakutaka. Alisema mkewe hakuondoka kwa sababu ya gari bovu, aliondoka kwa sababu ya miaka saba, na ukimrudisha mtu kwa gari la kuungaunga umemwambia kwamba ile miaka saba ilikuwa ya bure. Dada yake alimwona ni mjinga wa mwisho, na alimwambia hivyo kwa sauti.

Kila Jumapili alikuja kula chakula cha mchana, mikono imesuguliwa kwa sabuni na vumbi la mbao hadi imekuwa myekundu, akakaa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, akaulizwa habari za kazi akajibu nzuri, akauliza habari za cherehani akajibiwa nzuri, wakazungumza yeye na mkewe kwa adabu kama wakwe waliokutana msibani, kisha akachota maji, akatengeneza lolote lililoharibika, akaenda zake. Alipofikia kwenye viti vya gari alizunguka kwa mafundi wa makochi wanne na kuwarudishia kazi wote, hadi dada yake alipoichukua ngozi ile na gamba la kiti cha zamani, akasema anamjua fundi mmoja. Fundi huyo, mnamkisia, aliketi mwezi mzima chumbani kwake akihesabu mishono ya zamani kwa ncha ya sindano, akaifuata ileile, pamoja na ukingo wake wa kukunjwa, bila kuulizwa wala kueleza anamshonea nani. Marehemu alipokabidhiwa alipitisha kidole juu ya mshono, kisha akasema tu, "Huyu fundi anajua kazi," na macho yamemjaa maji.

Mwezi Novemba 2009 gari likawa tayari. Injini yake ya kweli ilikuwa ndani, inaunguruma vizuri, bodi ni kijani, bampa zinang'aa, na marehemu akatuma salamu kwamba Jumamosi atakuja. Nyumbani kwa wifi mtu alisuka nywele. Nguo zilipigwa pasi, begi likawekwa mlangoni, cherehani ikafunikwa, na tulipomtania alisema anapanga tu chumba. Ijumaa mchana, uani kule, mafuta ya breki yalivuja kidogo yakachuruzika kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ukuta ambao marehemu hakuwa ameukwangua kwa sababu haukuwa na kutu hata chembe, na mafundi mnajua mafuta ya breki yanavyomenya rangi. Alipokuja kupangusa aliona ukingo wa duara. Akakwangua kwa ukucha, kisha kwa msasa. Kilikuwa kiraka kilichochomelewa kwa ustadi, upande wa kushoto, na alipolitazama tena tundu la usukani upande wa kulia akaona lilikatwa kwa patasi. Usukani ulizaliwa kushoto, ukahamishwa.

Mwenzake mchomeleaji, Mzee wa Gesi, aliyekuwepo siku hiyo na yupo hapa leo, alimwambia, "Paka rangi, funika, kamchukue mkeo. Nani atajua?" Na barabara zetu magari yanapita kushoto, usukani wa kulia ndio unaofaa, hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angelalamika. Marehemu alikaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye tairi, akakaa sana. Halafu akanawa, akaja kwa miguu hadi mlangoni kwa dada yake, akalikuta begi, akasimama mbele ya mkewe.

Akasema, "Mama, usukani ulikuwa kushoto."

"Usukani wa nani?"

"Wa gari. Walihamisha. Sikujua."

Mkewe akauliza itachukua muda gani, akajibiwa mwaka, labda miwili, kwa kuwa si usukani peke yake, ni pedali, ni mikono yake ya chini inayogeuza magurudumu, ni waipa nazo zinafagia upande mwingine. Akauliza, "Ungenificha, ningejua?" Akasema, "Usingejua." "Sasa umekuja kuniambia ili iweje?" Akasema hawezi kumrudisha nyumbani kwa gari ambalo yeye mwenyewe anajua si lenyewe. Yule mama alimtazama, akamwuliza swali moja tu, "Kushoto, kwenye barabara hizi, utalipitaje lori?" naye akajibu kwa kujiamini, "Nitaona." Basi akalifungua begi palepale mlangoni, akatoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini, na miezi mingi iliyofuata, Jumapili ilipofika, alikuwa na safari ya kwenda mahali. Dada wa marehemu alidhani ndoa imekwisha, na alilia, na haoni aibu kwa hilo.

Marehemu hakuacha. Alikuja vilevile kila Jumapili, akala na dada yake, akachota maji, akaacha salamu. Na siku ya Jumamosi, tarehe 16 Julai 2011, asubuhi, alitoka uani kwake kwa magurudumu ya gari lile, usukani kushoto, kila skrubu mahali pake, amevaa suti, akaelekea kumchukua mkewe, na karibu na soko akakuta mbele yake lori la taka. Akajaribu kulipita. Haoni kitu. Mtu aliyekaa kushoto, kwenye barabara ya kushoto, anachokiona mbele ni makalio ya lori. Akachungulia, akapigiwa honi, akarudi. Akachungulia tena, akarudi. Gari halina paa, jua limewaka, harufu inamshukia, nzi wanamtembelea, na lori linasimama kila nyumba, hivyo na yeye anasimama kila nyumba, suti na kila kitu, hadi lori lilipofika nyumbani kwa dada yake na kusimama, naye akasimama nyuma yake. Aliyetoka getini na ndoo ya taka alikuwa mkewe.

Mtaa mzima ulitoka. Marehemu alisema, "Nimekuja kukuchukua." Mkewe akasema, "Umekuja nyuma ya taka!" akaanza kucheka, akacheka hadi akaweka ndoo chini, akashika nguzo ya geti, na marehemu naye, aliyekuwa amenuna kwa aibu, akaanza kucheka, na tangu mwaka 2004 hatukuwa tumewasikia wakicheka pamoja. Kisha yule mama akalizunguka gari, akapitisha kidole juu ya mshono wa kiti cha kulia, akavua aproni akampa wifi yake, akasema, "Cherehani mtaniletea," akaketi. Lori liliondoka, wakawa nyuma yake tena. Tukamwona yule mama akiinamia nje upande wake, ambao ndio unaoona barabara, amenyoosha mkono, "Ngoja… ngoja… pita!" Marehemu akakanyaga mafuta, wakalipita, wakapotea.

Miaka kumi na miwili iliyofuata waliishi hivyo, yeye akiendesha, mkewe akimwonea, na waliozoea kuwasikia wakipita walijua ni wao kwa sauti ya mama kabla ya sauti ya injini. Mafundi waliokuwa wakimcheka walianza kusema kwamba gari lile lina injini mbili. Mwaka 2016 alimfundisha mkewe kuendesha, wakabadilishana viti, na hapo ikawa zamu ya marehemu kuinamia nje na kupayuka. Dada yake alipanda mara moja tu, kwa kuwa gari ni la viti viwili na kile cha nyuma kilitolewa kwa sababu si chake, na katika safari hiyo moja aliambiwa aangalie mbele akaangalia pembeni, hakuitwa tena.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa mwaka 2020, madaktari wakaona mapafu yamechoka, na walipomwuliza alipaka rangi za magari miaka mingapi bila kuziba pua, alijibu kwa fahari, jambo ambalo halikuwafurahisha. Aliacha kazi ya rangi, akatumia dawa, akapata nafuu, akarudi nyuma, akapata nafuu tena, na alipokosa pumzi ya kukanyaga klachi mkewe ndiye aliyemwendesha kliniki, yeye akikaa kulia na kusema kwa sauti ndogo lini apite. Mwezi Septemba 2023 alilazwa, na Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mke, watoto wawili, ndugu wanne, na karakana iliyofagiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, waliomhudumia kwa upole na kuvumilia maswali yake kuhusu mashine ya hewa na nani aliitengeneza. Inawashukuru majirani, waliovumilia kelele za injini tangu mwaka 1997, wakachangia kahawa na sukari, na tangu Alhamisi hawajatuacha peke yetu hata saa moja. Mungu awazidishie.

Na mafundi wenzake, hapa dada yenu anaomba msinune, maana mlimtaka asiseme, naye anasema. Wiki mbili kabla ya kufariki, marehemu aliwaita kitandani, Mzee wa Gesi na wenzake wawili, akamtuma mkewe nje akalete maji, akawaambia walichukue gari kwa kisingizio cha breki na wauhamishe usukani upande wa kulia. Mzee wa Gesi alimwambia, "Orijino, homa imekupanda." Akamwambia hapana. Mzee wa Gesi akakataa katakata, akasema ametumia miaka kumi na minne kulirudisha gari lile kwenye hali yake, dunia nzima inalijua, hatachukua patasi yeye kuliharibu. Marehemu alipumzika kwanza, maana pumzi ilikuwa haitoshi kwa sentensi nzima, kisha akauliza, "Akiwa kushoto, na mimi sipo, nani atamwambia pita?"

Mafundi hao walikwenda, wakalikata bati lile ambalo kwa miaka walikatazwa hata kuligusa na kidole kichafu, wakahamisha pedali, wakahamisha waipa, na Mzee wa Gesi mwenyewe akachomelea kiraka kushoto, akilia ndani ya kofia yake ya kuchomelea, haya tumeyapata kwa wenzake. Walimaliza Jumanne. Jumatano asubuhi mkewe alikwenda kulichukua, akafungua mlango wa kushoto, akainama kuingia, akakuta hakuna usukani. Wanasema alisimama ameshika mlango ule, na mafundi wote wakageukia kuta wakijifanya wanatafuta spana. Kisha akazunguka, akaingia kulia, akaenda hospitali peke yake.

Alipofika wodini mkewe hakusema habari ya gari. Marehemu akauliza, "Ulikutana na lori?"

"Mawili."

"Ulipita?"

"Nilipita."

"Nani alikuangalizia?"

Yule mama akasema, "Nilijiangalizia mwenyewe," na marehemu akafumba macho, akatabasamu, akasema, "Basi vizuri."

Leo amekuja hapa akiliendesha, mmemwona nyote, na atarudi nalo nyumbani. Fundi wetu, gari lako si orijino tena, uliliharibu kwa mikono ya watu uliowapenda, kwa akili zako zote, na mkeo yupo salama barabarani. Ulale kwa amani, mdogo wangu.